Ubani wa Mashine

Tulipomzika mama mkwe wangu, wanawake waliokuja kukaa matanga hapa kijijini Mtua walimsifu kwa usafi. Si kwamba hakuwa na mengine ya kusifiwa. Alilima, alifunga, alitoa sadaka hata siku ambazo sisi wenyewe tulikuwa tunachungulia chungu. Lakini kila mwanamke aliyeketi kwenye mkeka alianza na uwanja wake. Mmoja alisema ungeweza kuanika ufuta kwenye udongo mtupu wa Binti Selemani na kuuzoa bila chembe ya mchanga. Mwingine akaapa hajawahi kuona nyayo za jana kwenye uwanja ule. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kanga imenifika kwenye nyusi, na kila sifa ilipotajwa nilizidi kuinama. Walidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichoniinamisha zaidi ni aibu, tena aibu kuukuu, yenye umri sawa na mwanangu Shabani, ambaye sasa ana ndevu na ndiye aliyeshika jembe makaburini. Kwa miaka yote hiyo nilidhani naijua aibu hiyo mwanzo wake na mwisho wake. Mwanzo naweza kuueleza.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Anayejua maisha ya bi harusi katika nyumba ya mama wa mumewe hahitaji maelezo mengi. Unaamka kabla ya wote na bado unaonekana umechelewa. Unapika, na chumvi yako inazungumzwa mpaka nyumba ya tatu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na paa la bati, vyumba viwili na sebule yenye mkeka na redio, jiko likiwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, ambako tuliwasha kuni na, korosho zikishabanguliwa, maganda yake. Maganda ya korosho yanawaka vizuri kuliko kuni yoyote ninayoijua, ila moshi wake unakukamata kooni na machozi yanashuka yenyewe, hata mtu akipita anadhani umegombana na mumeo. Humo ndimo nilimokaa na Shabani mchanga mgongoni, nikisonga ugali wa muhogo, na mama mkwe akiwa mlangoni na ufagio mkononi. Sikumbuki kumwona asubuhi yoyote bila ufagio. Kabla jogoo hajamaliza kuwika ulikuwa unausikia, fya, fya, fya, kutoka kizingiti mpaka kwenye mikorosho, na vumbi linainuka jekundu mpaka usawa wa dirisha letu. Mimi nililala humo na mtoto nikiona fahari kuolewa kwa mtu msafi namna hiyo.

Mashine ililetwa masika yakiwa yamekwisha, mikorosho inajiandaa kuchanua. Aliyeileta ni msichana wa chuo kikuu anayeitwa Irene, mwembamba, mcheshi, amevaa suruali na amejitanda mtandio kichwani kwa heshima yetu, ingawa ulimteleza kila mara. Alikuwa amepanga chumba Ruangwa mjini, na huko alikuwa na mashine nyingine kama hiyo juu ya paa la nyumba aliyofikia. Alitaka ya pili ikae kijijini, penye watu na mashamba, na mwenyekiti wa kijiji akamleta kwetu kwa sababu hiyohiyo ya usafi. Lilikuwa sanduku la bati kwenye miguu mitatu, lina kinywa kimefunikwa kofia ndogo, lina waya unaokwenda kwenye sola. Ndani yake Irene aliweka karatasi nyeupe ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, akiishika kwa kibano kana kwamba ni yai la njiwa, akanionyesha namna ya kuibadilisha kila asubuhi. Mama mkwe wangu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kimwera ndicho alichokimudu, kwa hiyo mimi niliyefika kidato cha nne nilisimama katikati nikitafsiri. Irene alisema mashine inavuta hewa mchana na usiku kama mtu anavyopumua. Vumbi kubwa, alisema, pua inalizuia, na ukilipiga chafya limetoka. Linalotafutwa ni lile laini kuliko unga wa ngano, lile usiloliona, ambalo linashuka mpaka ndani ya pafu na halirudi. Karatasi italinasa, maabara italipima, na watajua limetengenezwa na nini na limetoka wapi.

Mama mkwe aliuliza, kupitia kwangu, watajuaje limetoka wapi, wakati vumbi halina kabila. Irene alicheka, akamuuliza kama akionja mchuzi wa jirani hawezi kujua umetiwa nini. Mama akajibu anaweza hata kujua umetiwa na nani. Basi ndivyo hivyo, Irene akasema: udongo una chuma chake na madini yake, dawa ya mikorosho ina salfa yake, kuni na majani yakiungua yanaacha potasiamu na aina fulani ya sukari ambayo haitoki kwingine. Mama mkwe alilipenda sana hilo la sukari ndani ya moshi. Alilirudia kwa wiki nzima kwa kila aliyekuja kuishangaa mashine. Irene alipoaga alituomba tusipike wala tusichome taka karibu na sanduku lile, nami nikatafsiri neno kwa neno. Mama akahamisha hata jaa la taka, akalipeleka mbali upande wa makaburi.

Lakini mashine ilikuwa mgeni wake, na mgeni wa Binti Selemani hakai kwenye uwanja mchafu. Zamani alifagia asubuhi. Sasa akawa anafagia asubuhi na alasiri, akianza na pale chini ya miguu mitatu. Na kila Alhamisi jioni, alipowasha ubani kwenye chetezo na kuuzungusha vyumbani kama nyumba nyingi zinavyofanya usiku wa Ijumaa, alimalizia uwanjani. Alikiinua chetezo mpaka kwenye kile kinywa, akakishikilia hapo, moshi mweupe ukaingia wote, na sanduku likaendelea kunguruma polepole. Mara ya kwanza nilipoona nilifungua mdomo nikaufunga. Nani amwambie mama mkwe kwamba ubani wake ni moshi? Hata mimi mwenyewe, kusema kweli, nilikuwa sijauhesabu kuwa moshi mpaka nilipouona ukipita kwenye kile kinywa. Nikaingia ndani kumbadilisha mtoto.

Msimu wa salfa ukaanza. Mume wangu Rashidi alikuwa mpulizaji, tena wa kusifika, na wenye mashamba walimgombania. Alitoka gizani, umande ukiwa bado kwenye majani, mashine ya kupulizia mgongoni, akarudi jua likiwa limepanda akiwa wa manjano kuanzia nywele mpaka kope. Salfa ndiyo inayozuia ukungu wa ubwiriubwiri usiunguze maua, na bila maua hakuna korosho, na bila korosho wilaya nzima ya Nachingwea hakuna anayeoa wala anayejenga. Kwa hiyo hatukulalamika. Macho yaliwasha, nguo zilinuka hata baada ya kufuliwa, na chai tuliyokunywa ilikuwa na ladha ya kiberiti. Asubuhi ambazo hakukuwa na upepo ungeona wingu limelala juu ya mikorosho ya kijiji kizima, halafu jua likichomoza linaanza kusogea taratibu kuelekea bondeni, ng'ambo ya kijito. Tuliliangalia likienda na kushukuru kwamba limeondoka. Kwamba bondeni kuna watu hatukulitaja, na nadhani hatukulifikiria.

Bondeni walikaa wafugaji waliofika mwaka uliotangulia na ng'ombe zao kutoka kanda ya ziwa. Wasukuma. Kijiji kiliwapokea kwa shingo upande, kwa sababu ng'ombe na mashamba ya ufuta havipatani, lakini walikuwa wanaamkia watu vizuri na maziwa yao tuliyapenda. Mmoja wao, Nkwimba, alikuwa rika langu, ana binti mchanga kama Shabani, na tulikutana kisimani. Kiswahili chake na changu vilikuwa vya shule mbili tofauti, tukawa tunachekana. Yeye aliniita Mama Shabani kabla hata wa nyumbani kwangu hawajaanza kuniita hivyo, na katika mwaka ule ambao kila mtu aliniita wewe, jina hilo lilinitia nguvu. Maziwa yangu yalipopungua alinipa ya ng'ombe kwenye kibuyu, niyanywe mwenyewe ili mtoto apate. Mama mkwe aliyachemsha, akayanusa, akanipa, na yaliyobaki akayanywa yeye. Nakumbuka binti wa Nkwimba macho yake yalikuwa mekundu siku zote, yanatoa tongo, na Nkwimba akiyapangusa kwa ncha ya kanga huku tukizungumza mambo mengine. Sikumuuliza yana nini.

Kiangazi kilipokolea, Shabani akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu cha alfajiri, kinachomkunja mtoto kama kanga inayokamuliwa. Zahanati walimpa dawa, kikapungua, kikarudi. Wakati huohuo moto ulikuwa kila mahali, maana ndio wakati wake: watu wanasafisha mashamba, wawindaji wanatafuta panya na ndezi, na wafugaji, walisema watu, wanachoma nyasi ili zichipue mbichi. Jioni jua lilikuwa linatua jekundu, na majivu membamba meusi yalidondoka mpaka kwenye sinia tulilolia. Mama mkwe aliyatoa kwa kidole juu ya mbaazi, moja moja, na kila alilotoa alisema, "Wale." Hakuwa na haja ya kuwataja. Rashidi alikuwa ametia moto shamba letu wenyewe juzi yake, na ndugu zake yao, lakini wale moto wao ulikuwa na nia mbaya na wetu ulikuwa wa kazi. Mimi niliendelea kula. Usiku kupitia ukutani niliwasikia mama na mwanawe wakikubaliana kwamba afadhali mashine iko uwanjani, maana itatoa ushahidi, na mtu wa serikali hawezi kubishana na mashine.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wanaume wamekalia madawati, sisi tumekaa chini upande wa dirisha. Irene aliitwa aeleze alichokipata mpaka hapo. Alisema, kwa uangalifu ambao leo nauelewa, kwamba uzito wa vumbi laini kwenye karatasi za Mtua ni mkubwa kuliko wa Ruangwa mjini, penye malori na stendi, jambo ambalo hakulitegemea, na kwamba bado anasubiri majibu ya maabara kujua limetengenezwa na nini. Hakuna aliyesikia nusu ya pili. Darasa lilivuma. Mwenyekiti akasema basi jambo limejulikana, tena kitaalamu, na iandikwe kwamba wafugaji wa bondeni wahame kabla ya mvua. Mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya wanaume, alisimama. Alisema kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, polepole, "Mjukuu wangu anakohoa. Mashine imekaa kwangu, imeona yote. Wale watu waondoke." Watu wakampigia makofi. Akaketi kando yangu, na nikaona jinsi alivyofurahi kupigiwa makofi.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua Shabani alikuwa bado kwenye ziwa na nilisimama naye hivyohivyo, nikimfunika kwa kanga. Nilikuwa namfikiria Nkwimba na kile kibuyu. Nilisema kwa Kiswahili kizuri cha kidato cha nne: "Mashine haikuona moshi wa bondeni peke yake. Mama anaifukiza ubani kila Alhamisi. Na kila siku anafagia chini yake mara mbili."

Darasa zima likaangua kicheko. Walicheka mpaka madawati yakalia. Mmoja akauliza kama mashine ina jini linalotaka kupungwa, mwingine akauliza kama imeshapakwa hina. Mwenyekiti alikuwa anapangusa machozi. Irene pekee hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, anamtazama mama mkwe wangu kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Mama alijifunika kanga uso mzima, akabaki hivyo, mviringo wa kitambaa bila mtu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli hiyo iliahirisha uamuzi mpaka majibu ya maabara yatakapofika, na bado sijawahi kujisikia mchafu kama dakika ile. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, na watoto wa shule wakitufuata wakiigiza kumfukizia ubani mtu asiyekuwepo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tuliendelea kula sinia moja, yeye, mimi na dada wa Rashidi, ila alikuwa anakula upande wake mpaka unapoisha, na hata mboga ikiwa imebaki katikati hakuvuka kuifuata. Rashidi alinuna kwa niaba ya mama na kwa niaba yake mwenyewe, kwa sababu shambani walikuwa wanamuuliza kama naye anafukizwa kabla ya kupuliza. Alasiri moja nilikuwa chumbani nalaza mtoto, mama akiwa kibarazani na mdogo wake aliyetoka Ruangwa kumtazama. Walizungumza Kimwera, wakidhani nimelala na mtoto. Mdogo wake alimuuliza kwa kicheko cha kindugu kwamba hivi kweli, dada, ulikuwa unafukiza bati. Mama akasema kwamba yule binti wa mashine alimwambia kile kitu kinapumua mchana na usiku, hakipumziki. Akaona ni kitu kilichowekwa pale kivute ubaya wote kwa niaba yetu. Akasema, "Nilitaka walau mara moja kwa wiki kivute kitu kizuri." Nililala kando ya Shabani, nikauma ncha ya mto ili nisisikike.

Wafugaji hawakusubiri maabara. Vijana wa kijiji walikwenda bondeni baada ya mkutano wakawaambia wanayotaka kuwaambia, na siku niliyokwenda kisimani nikamkosa Nkwimba, nikavuka kijito. Nilikuta mazizi yamefunguliwa na majivu ya jikoni yamezimwa kwa maji. Walikuwa wamekwenda upande wa Chunyu, huko Ruangwa, watu walisema. Hakuniaga, na sikuona ni kwa nini aniage.

Irene alikuja na majibu mvua za kwanza zikiwa zimeanza kulaza vumbi. Hakuitisha mkutano, nadhani alikuwa amejifunza. Alikaa kwenye mkeka sebuleni, akanywa chai, akatueleza. Karatasi za Ijumaa alikuwa ameziweka kando, zilikuwa zimenata kwa utomvu wa ubani. Udongo wa uwanja ulikuwa mwingi, ule unaopanda ufagio unapopita asubuhi na alasiri. Miezi ya kupuliza, salfa ilikuwa kila karatasi, na sehemu yake ilikuwa laini kiasi cha kutoanguka chini. Ilikwenda na upepo kule upepo ulikoelekea. Masizi yalikuwepo miezi yote, yale ya majikoni, na alipoyataja maganda ya korosho mimi niliangalia miguu yangu. Na miezi ya moto, ndiyo, ile sukari ya majani yanayoungua ilijaa. Rashidi alidakia hapo kwamba basi ni kweli, wafugaji walikuwa wanachoma. Irene akatikisa kichwa. Alisema, "Mashine inajua kilichoungua, kaka. Haimjui aliyewasha."

Mama mkwe alikuwa kizingitini anapepeta mbaazi, mgongo kwetu. Sikujua kama anasikiliza mpaka alipouliza bila kugeuka, "Na wale watu?" Irene hakuelewa ni watu gani. Nikamjibu mimi kwamba walishakwenda. Ungo ulisimama kidogo, halafu ukaendelea.

Tulihamisha jiko, tukaacha maganda, dirisha la chumba changu likawa linafungwa wakati wa kufagia, na kikohozi cha Shabani kikaisha taratibu kabla hajaanza kutembea. Irene alichukua sanduku lake akaondoka, na niliposikia baadaye kwamba ameandika juu ya vumbi laini la Mtua na Ruangwa niliona fahari ya siri, kama niliyechangia. Maana ndivyo nilivyojiona, niseme bila kuficha. Nilijiona mwanamke aliyesimama. Niliumia kwa ajili ya mama, niliona aibu kila Alhamisi jioni, kwa kuwa hakuwasha ubani tena katika nyumba yake, hata Idi, hata tulipomwoza dada wa Rashidi na wageni wakauliza nyumba gani hii ya harusi haina harufu. Lakini upande wa Nkwimba niliuona umekwisha. Nilikuwa nimewatetea, wakaondoka wenyewe, basi. Mimi na mama tukazeeshana. Tulizoeana, tukacheka pamoja, alinifundisha kusuka ukili, nilimwogesha alipokuwa hajiwezi. Siku ile ya darasani hatukuitaja hata mara moja, na nilidhani ukimya wake ulikuwa hasira aliyoamua kunisamehe bila kuniambia.

Sasa matanga yalikuwa yanakaribia kuvunjwa, wageni wa mbali wameanza kuaga, alipoingia mwanamke mnene aliyejifunga kitenge kipya, akauliza kwa lafudhi ya kanda ya ziwa mwenye msiba ni nani. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Nkwimba alinikumbatia, akalia kama anavyoliliwa mtu wa kwao, halafu akakaa kando yangu akanishika mkono na hakuuachia. Alisema habari ilimfikia Ruangwa sokoni, akaona haiwezekani mama yule azikwe na yeye asije. Nilimuuliza, kwa adabu tu, kama aliwahi kumjua mama kwa karibu. Alinitazama akashangaa.

"Si alikuja kwetu Chunyu," akasema. "Wewe ndiye uliyemtuma."

Akawageukia wanawake wa mkekani, akaanza kuwasimulia, kwa sababu walikuwa wameshasogea wasikilize. Alisema ulikuwa mwaka uleule, mvua zimekolea, wakamwona bibi mmoja anashuka kwenye pikipiki, miguu imevimba, amepanda basi mpaka Ruangwa na kuulizia njia mpaka Chunyu. Walimpa kigoda akakikataa, akakaa chini. Baba mkwe wa Nkwimba hakutaka hata kumwitikia. Bibi akasema yeye ametumwa na mkwe wake. "Mkwe wangu anasema moshi haukuwa wenu, na ile dawa ya mikorosho iliyowaumiza watoto wenu macho ilikuwa yetu, na tuliwasema vibaya mbele ya watu, anaomba mtusamehe." Baba mkwe akauliza mkwe huyo ni nani, Nkwimba akamwambia ni yule Mama Shabani wa kisimani, na hapo ndipo mzee alipoamuru bibi aletewe maziwa. Hawakurudi Mtua kwa sababu walikuwa wameshalima, lakini tangu siku ile, alisema, nyumbani kwao wakisikia watu wa huku wanasemwa vibaya, wanalitaja jina langu.

Niliikumbuka safari hiyo. Alisema anakwenda kwa mdogo wake Ruangwa, na mimi nilifurahi kubaki na nyumba yangu peke yangu. Aliporudi nilimkanda miguu kwa maji ya moto na sikuuliza mtu aliyekwenda kukaa kibarazani kwa mdogo wake amevimbaje hivyo. Sikumtuma. Sikuwahi kufikiri kumtuma mtu, wala kwenda mwenyewe, wala kwamba watu wale wangependa kusikia neno lolote kutoka kwangu. Katika miaka yote ya aibu yangu, aibu hiyo moja haikuwahi kunipitia kichwani, na yeye aliibeba, akaivika jina langu, akaipeleka mahali pake.

Wanawake walikuwa wananitazama. Wengine walianza kusema maashallah, kumbe mkwe naye. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi fupi, fupi kuliko ile ya darasani, na mwenye haki ya kusifiwa alikuwa hana hata wiki ardhini. Nkwimba aliubana mkono wangu.

"Alisema ungekuja mwenyewe," akasema, "ila ulikuwa na mtoto."

"Ndiyo," nikamwambia. "Mtoto alikuwa bado ananyonya."